Taarifa ya Kuinama kwa Shangazi

Kwa furaha isiyo kifani, na kwa mamlaka ya kiti ninachokikalia, naufahamisha umma kwamba gari la Idara yetu halijaharibika, halijawahi kuharibika, na halina mpango wa kuharibika katika kipindi hiki cha utekelezaji. Liliinama tu, na lenyewe limeshainuka. Maneno mengine yote mnayoyasikia mitaani ni ya watu wasio na kamati.

Mimi ni Katibu wa Kamati ya Kudumu ya Kushughulikia Kuinama kwa Gari kwa Upande wa Nyuma. Kabla ya hapo nilikuwa karani wa uchukuzi, cheo kilichokuwa na meza lakini hakikuwa na kiti cha kuzunguka. Naandika taarifa hii kwa sababu siku hizi watu wananicheka wakiniona nimeshika kitu chochote kirefu cha chuma, hata mwavuli uliofungwa.

Gari lenyewe ni la zamani, lile la kupanda milima, lenye gurudumu la akiba mlango wa nyuma na milango isiyofunga mpaka uibamize mara mbili. Madereva wanaliita Shangazi, kwa sababu linafika kila mahali na linalalamika njia nzima. Hakuna gari jingine linaloweza kupanda mlimani, kilomita tisa za mawe na makorongo, ambako kuna zahanati moja, muuguzi mmoja ambaye kila mtu anamwita Sista, na akina mama wanaopata uchungu bila kuzingatia ratiba yetu.

Mwanzoni mwa mwezi Fundi alikuja ofisini kwa Mkurugenzi akiwa na grisi mpaka kwenye viwiko. Huyu ni fundi wetu wa miaka thelathini na moja, mtu asiyepandisha sauti hata nyundo ikimwangukia mguuni.

"Mzee, springi za nyuma zimekwisha," alisema. "Yale mabamba yanayobeba mgongo wa gari. Yanatakiwa yapinde hivi." Akaukunja mkono wake mfano wa upinde. "Sasa yamelala bapa. Na bamba kuu la kushoto lina ufa. Shimo moja baya tu, linakatika."

Mkurugenzi wetu ni mtu makini. Wenye husuda wanamwita Bwana Tathmini, lakini si mbele yake.

"Tusikurupuke," alisema. "Tufanye tathmini."

"Tathmini ya nini, mzee? Springi mpya ziko stoo mwaka wa tatu huu, bado zimo ndani ya karatasi yake ya grisi. Nipeni siku moja tu."

"Siku moja!" Mkurugenzi akacheka, na sisi tukacheka mpaka Mchumi akatoa kitambaa kufuta machozi. Kazi ya siku moja haiwezi kuundiwa kamati, na kazi isiyo na kamati ni uhuni.

Fundi hakucheka. "Binti yangu ameolewa kule juu kwa mwalimu," alisema. "Ana mimba ya mapacha. Sista anasema mmoja amekaa vibaya, hawezi kuzaliwa pale zahanati, lazima mama ateremshwe hospitali kabla ya mwisho wa mwezi. Hakuna gari jingine la kumteremsha. Mimi nalijua hili gari, mzee. Na springi hizi halitamfikisha."

Nilimhurumia sana. Nikaandika kwenye kumbukumbu: "Mjumbe mwalikwa alileta salamu za familia."

Ili mwelewe kilichofuata, ni lazima mjue Waraka Namba Saba, ambao Mkurugenzi aliuandika kwa mkono wake mwenyewe: Kifaa kipya hakitatoka stoo mpaka kikuukuu kirudishwe, na kirudishwe kwa mkono wa aliyekitumia mwisho. Nia ilikuwa njema. Zamani watumishi walikuwa wakichukua balbu mpya huku za zamani zikiendelea kuwaka.

Jumatatu, basi, Fundi akamnyanyua Shangazi kwa jeki, akamkalisha juu ya vigogo, akafungua springi zote mbili na kuzisukuma kwa toroli mpaka dirisha la stoo. Pale hukaa Mama Stoo, mwenye miwani ya kamba na sindano za kufumia, ambaye katika maisha yake hajawahi kutoa hata skrubu kwa mtu asiye na karatasi. Akazihesabu bamba kwa bamba.

"Saba kwa saba, kumi na nne. Zimetimia," alisema. "Sasa nipe hati ya ukaguzi ya wiki hii, nione kama gari linatembea. Gari lisilotembea halipewi vipuri."

"Litatembeaje, dada, na springi zake ndizo hizi?"

"Kaka yangu, mimi sikuuandika huo waraka. Mimi nautii tu."

Fundi akazirudisha kwa toroli, akazifunga tena, akampeleka Shangazi kwa Mkaguzi polepole kama anabeba mayai. Mkaguzi akachungulia chini, akaguna, akasema hawezi kutoa hati kwa gari lenye springi mbovu. Zibadilishwe kwanza.

Nilipomweleza Mkurugenzi, alifurahi mno. Alisema huo ni ushahidi kwamba kila mtu anafanya kazi yake.

Kamati ikakutana mara tatu. Tulikuwa wajumbe saba, Mkurugenzi akiwa Mwenyekiti, na sitawataja wote kwa sababu wengine hawakuamka. Kikao cha kwanza kilijadili neno "mbovu" na kulifuta, kwa kuwa linashusha morali ya gari. Cha pili kilikwenda karakana kupima kwa futi, na Mchumi akagundua jambo ambalo Fundi, kwa miaka yote thelathini na moja, hakuwahi kuliona. Gari halikuinama nyuma hata kidogo. Lilikuwa limenyanyuka mbele.

"Tunatibu ugonjwa usio wenyewe," alisema Mchumi, akifuta vidole vyake. "Tukilishusha mbele, usawa unapatikana."

Tukafunga magunia mawili ya majalada ya zamani juu ya boneti. Dereva akalalamika kwamba haoni mbele. Akakumbushwa kwamba kuona mbele ni kazi ya Mkurugenzi.

Kikao cha tatu kilitokana na barua ya Sista. Barua hiyo ilikuwa na lugha isiyo ya kiofisi. Ilisema chanjo hazijafika wiki ya sita, na kwamba binti wa Fundi amevimba miguu, na ikauliza kama tunasubiri mpaka aanguke. Mkurugenzi aliisoma mara mbili, akavua miwani.

"Wananchi wamepoteza imani na gari," alisema. "Tutairudisha. Ijumaa Kamati nzima itapanda mlimani ndani ya gari hilohilo. Tutapiga picha mbele ya zahanati. Itaitwa Ziara ya Kuthibitisha Uzima wa Gari."

Fundi alikuwa amesimama mlangoni. "Watu saba na dereva kwenye springi zile? Mzee, hamfiki. Ile kona ya mwisho kabla ya zahanati, pale penye korongo, ndipo litakapokatikia."

"Ndiyo maana wewe huendi," alisema Mkurugenzi.

Hapo ndipo penye jambo dogo ambalo baadaye lilikuzwa bila sababu. Waraka Namba Tatu, nao wa Mkurugenzi, unasema ofisi haitakaa bila Mkurugenzi hata dakika moja. Akisafiri, atakaimu mtumishi mwandamizi aliyebaki kituoni, mpaka mkubwa huyo arudi na kusafishwa na stoo kwamba hana kifaa cha ofisi mkononi. Kwa kawaida hukaimu Mwanasheria. Lakini Mwanasheria alitaka kuwa kwenye picha. Mchumi alitaka kuwa kwenye picha. Hata mimi, siwezi kuficha, nilikuwa nimepeleka suti kwa dobi. Waliobaki kituoni walikuwa Mama Stoo, mwenye miaka ishirini na sita kazini, na Fundi. Nikachapa barua ya kukaimu, Mkurugenzi akaisaini, nikaigonga muhuri, na hakuna kati yetu aliyeisoma. Barua za kukaimu hazisomwi.

Ijumaa saa mbili asubuhi tukaondoka. Mkurugenzi alikaa mbele, nyuma ya magunia yake ya majalada. Sisi sita tulijazana nyuma, magoti yakigusana na videvu. Kila tulipokanyaga jiwe, chuma kiligonga chuma chini yetu, na Mwanasheria akawa anauliza kama huo ni mlio wa kawaida. Mkurugenzi akajibu kwamba ni mlio wa uimara.

Kwenye kona ya mwisho kabla ya zahanati, pale penye korongo, tulisikia mshindo. Mwanasheria alidhani ni bunduki, akajifunika jalada kichwani. Shangazi akaketi upande wa kushoto, mwili wake ukalalia gurudumu, na moshi wa mpira ukaingia ndani. Dereva akazima injini. Kisha akasema, bila kumwangalia yeyote, "Haya. Uzima umethibitishwa."

Ilikuwa saa tatu. Zahanati tuliiona pale juu, hatua mia tatu hivi, tukaiendea kwa miguu tukikung'uta suti. Sista alikuwa barazani, mikono ya gauni ameikunja. Alipotuona alikimbia kutupokea, jambo lililomfurahisha Mkurugenzi, akaanza kutafuta mpiga picha.

"Mungu mkubwa, mmekuja!" alisema Sista. "Mtoto wa Fundi uchungu umemshika tangu alfajiri. Gari liko wapi? Lisogezeni hapa mlangoni."

Wenzangu wote wakaniangalia mimi. Katibu ndiye msemaji.

"Gari liko kwenye tathmini," nilisema.

Ndani mwanamke alilia, sauti ndefu iliyokatika ghafla, na mwalimu, mume wake, akatoka mlangoni na beseni tupu akaliangalia kama hajui ni la nini. Sista akanisogelea.

"Kaka," alisema taratibu, "mtoto amekaa mlalo. Hapa sina cha kumfanyia. Kuna watu watatu humu ndani, na mpaka jioni wanaweza wasiwepo wote. Unanielewa?"

Nilimwelewa. Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Naandika hivyo kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa, ingawa Mkurugenzi ameshauri kipengele hiki kiondolewe.

Mkurugenzi akapiga simu ofisini, akaweka sauti ya juu ili Sista asikie amri inavyotolewa. Akapokea Mama Stoo.

"Nipe mwenye ofisi! Nataka gari jingine hapa mara moja!"

"Kaimu Mkurugenzi hayupo, mzee. Sista alimpigia tangu saa mbili, mlipoondoka tu. Amesaini springi, amezichukua, na sasa anapanda huko na trekta la machimbo ya kokoto."

"Amesaini springi? Kwa ruhusa ya nani?"

"Ya Mkurugenzi."

"Mkurugenzi ni mimi!"

"Wewe uko safarini, mzee. Barua ninayo hapa. Ina muhuri."

Mkurugenzi akanigeukia. Nikainamisha macho nikayaangalia mawe, ambayo kwa kweli yalikuwa mengi.

Trekta lilifika saa nne na nusu, na trela lake likiruka kila upande. Mkurugenzi akataka binti apakiwe humo. Sista akamuuliza kama yeye mwenyewe angekubali kuzalia ndani ya trela la kokoto, naye Mkurugenzi akaenda kutafuta kivuli. Fundi alishusha springi mbili mpya, zilizopinda vizuri kama nyusi za mtu anayeshangaa, akashusha jeki mbili, vigogo na sanduku la spana. Mwenye trekta akageuza, kwa kuwa wenzake walikuwa wanamngoja machimboni. Fundi alipanda mbio mpaka zahanati, akaingia kwa binti yake. Hakukaa hata dakika mbili. Alipotoka alikuwa ameshavua shati.

Sijawahi kuona mtu akifanya kazi hivyo. Mwalimu alikuwa anampa spana, dereva anashika tochi kule chini. Walinyanyua fremu, wakaiegemeza juu ya vigogo, jeki ya pili ikabeba ekseli. Boliti zilikuwa na kutu ya miaka. Moja ilikataa mpaka Fundi akaikata kwa msumeno, jasho likimdondoka puani. Springi kuukuu zikatoka. Bamba kuu la kushoto lilikuwa limekatika vipande viwili, palepale penye ufa alioutaja. Zile mpya zikaingia mahali pake. Kutoka zahanati tulikuwa tunamsikia binti, na kila aliposikika, spana ya Fundi ilisimama kidogo, kisha ikaendelea.

Mara akatokeza kichwa chini ya gari. "Kamati," aliita. "Nawahitaji."

Tulishtuka. Hakuna aliyewahi kutuhitaji.

"Bushi, hizi raba za springi, hazikazwi gari likiwa juu hewani, zitachanika. Zinakazwa uzito ukiwa juu yake. Ingieni garini mkae. Msiguse kitu, msiseme kitu. Kaeni tu."

Tukaingia, tukakaa. Fundi akakaza. Kwa haki ya Mungu, katika mwezi mzima wa vikao hiyo ndiyo mara pekee ambayo Kamati iliisaidia springi, na nashukuru kwamba nilikuwepo.

Kisha akasema, "Asanteni. Shukeni."

Saa sita na robo Shangazi alisimama mlangoni pa zahanati, mgongo umenyooka, mkia juu. Binti aliletwa kwenye godoro, uso umekuwa kijivu, akimng'ang'ania Sista kidole. Walipanda yeye, Sista, mwalimu na dereva. Fundi akafungua mlango wa mbele. Mkurugenzi alikuwa ameshaingiza mguu mmoja.

"Mzee, toa mguu," alisema Fundi.

"Na sisi je?"

Fundi akatoa mfukoni kipande cha ile karatasi ya grisi, kilichoandikwa kwa penseli. "Nimerekebisha Waraka Namba Saba asubuhi hii. Kifaa kipya kitangulie, kikuukuu kifuate siku ileile. Hapo mwisho pa 'mkono wa aliyekitumia mwisho' sikupagusa. Pale uliandika wewe, mzee, na uliandika vizuri." Akaonyesha chungu ya vyuma kando ya korongo. "Waliozitumia mwisho ni ninyi. Nimeshazifungua bamba moja moja, zibebeke."

"Fundi, nakuamuru!"

"Uko ziarani, mzee," alisema Fundi, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, sauti yake ilipanda. "Na mwanangu anakufa. Toa mguu!"

Mkurugenzi akatoa mguu.

Tulibaki wajumbe saba, mabamba kumi na matatu mazima, na lile lililokatika. Mwanasheria alishauri yagawanywe kwa kufuata itifaki, mabamba marefu kwa vyeo virefu. Hivyo Mkurugenzi akapata bamba kuu la kulia na vipande vyote viwili vya bamba kuu la kushoto, na mimi nikapata mawili madogo kabisa, ambayo hata hivyo yalinila bega. Kilomita tisa. Wanawake waliokuwa wanatoka kisimani walisimama kando kutupisha. Mmoja akauliza kama tunahamisha reli. Mchumi alitembea nyuma kabisa, akihesabu hatua kwa sauti ya chini, mpaka akaacha.

Kwenye kijito, kilomita mbili kabla ya mji, Mkurugenzi alisema anaingia vichakani mara moja. Aliingia na vyuma vitatu. Alitoka na viwili, anatembea kwa furaha kidogo.

Saa tisa na nusu tuliweka mizigo dirishani. Mama Stoo akaweka ufumaji chini, akavaa miwani, akahesabu.

"Mabamba kumi na matatu mazima," alisema. "Na moja lililokatika vipande viwili, kwa maelezo ya Kaimu. Naona kipande kimoja. Cha pili?"

Tukajifanya kuhesabu na sisi.

"Mama, tumechoka," alisema Mkurugenzi. "Niandikie nimesafishwa, nirudi ofisini kwangu."

"Nitaandikaje, mzee? Hujatimiza. Ukiwa na kifaa cha ofisi mkononi bado uko ziarani, na Mkurugenzi bado ni Fundi." Akanigeukia. "Katibu, wewe ndiye unayeweka kumbukumbu. Kipande kiko wapi?"

Mkurugenzi akaniangalia jicho ambalo limenilisha miaka kumi na miwili. Nikakifikiria kile kiti cha kuzunguka. Kisha nikamkumbuka mwalimu na beseni lake.

"Kwa mujibu wa kumbukumbu zangu," nilisema, "Mwenyekiti alikiacha vichakani, ng'ambo ya kijito, kwa ajili ya tathmini."

Simu ya stoo ikalia. Mama Stoo akasikiliza, akashika kifua, akasema "Alhamdulillahi" mara tatu na "Amina" mara moja ili asiache upande wowote. Mapacha wamezaliwa, wa kiume na wa kike. Walimpasua mama yao, naye yu hai, anaomba maji. Mchumi akalia wazi, na safari hii si kwa kucheka. Mimi pia nililia. Mama Stoo akafuta miwani, akaivaa tena, akamwangalia Mkurugenzi.

"Nitasubiri," alisema, akachukua ufumaji. "Sasa nina kofia mbili za kufuma."

Nilimsindikiza Mkurugenzi mpaka kwenye kijito, kwa heshima. Aliendelea peke yake, viatu mkononi, koti begani. Nyuma yetu honi ikapigwa. Alikuwa ni Shangazi, anampandisha Sista na makasha ya chanjo ya wiki sita, Fundi mwenyewe kwenye usukani. Alimpita Mkurugenzi polepole ili asimtimulie vumbi. Nililitazama gari lile kwa jicho la kitaalamu mpaka likapotea kwenye kona, na naweza kuthibitisha kwamba nyuma na mbele lilikuwa sawasawa. Aliyeinama barabarani alikuwa mmoja tu, anapekua vichaka.